Chumba cha Jumapili

...basi tegeni masikio, ndugu mlioketi mbele na ninyi mliojificha nyuma ya nguzo, na wewe pia uliyesimama mlangoni mwa nyumba ya Mungu huku mkono wako ungali umeshika kitasa, tegeni masikio, kwa maana neno la leo halikutumwa kwa jirani yako... ndivyo ningeanza, kama siku moja ningeruhusiwa kusema maneno yangu mwenyewe, lakini kwetu mzee wa kanisa hahubiri, husoma tu, mchungaji asipokuwepo mimi Marinus Verhage husimama chini ya mimbari, si ndani yake, nikawasomea watu mahubiri ya wachungaji waliokwisha kulala makaburini, na miaka yote hii nimekuwa kama mfereji wa zege, maji ya uzima hupita juu yake nao haunywi hata tone, na sasa, hapa kwenye sitaha ya meli ya watalii, katikati ya malango mawili ya maji ya Terneuzen, mama yangu akiwa ameketi kando yangu na blanketi magotini na kikombe cha kahawa mkononi, maneno yanakuja yenyewe, wala sikuyaita, na msikilizaji aliyeketi kiti cha mbele ana uso wangu... maji yanapanda, taratibu, yakituinua hadi usawa wa mfereji, ukuta wenye ukungu wa kijani unazama mbele yetu shubiri kwa shubiri, lango la nyuma limeshafungwa na la mbele halijafunguka, tukitoka hapa ni mfereji ulionyooka hadi Ghent, na Ghent ndipo nitakapomwambia, ndivyo tulivyokubaliana mimi na mke wangu Jacomina, mwambie baada ya chakula, alisema, akiwa ameshiba na amefurahi, wala usimpe nafasi ya kubishana, kwamba matembezi haya yakiisha hatarudi kwenye kimashua chake anamoishi, kilichofungwa bandarini Wemeldinge, atakwenda Goes, kwenye nyumba ya wazee, ghorofa ya tatu, kitanda kimeshatandikwa na majirani zake wameshaambiwa, kila mtu ameshaambiwa isipokuwa yeye... na sababu ninayo, Bwana, Wewe wajua kwamba ninayo, majira ya baridi aliteleza kwenye ngazi ya mashua akalala sakafuni mpaka jirani aliposikia mtu anaimba zaburi chini ya sitaha, alikuwa anaimba ili asisinzie, na nyonga yake haijapona vizuri, nani atanilaumu, nani... "Nyinyi Waholanzi," Godelieve anasema, huyu mjane Mbelgiji wa Mechelen aliyetuzoea tangu tulipopanda meli Rotterdam, msusi mstaafu, Mkatoliki, mwenye kicheko kinachosikika mpaka kwa nahodha, "nyinyi mnampa mgeni kahawa na biskuti moja, halafu mnafunga kopo," na mama yangu, pasipo kugeuza kichwa, anamjibu, "Na nyinyi mnamaliza kopo zima, halafu mnakwenda kuungama," na wanacheka wote wawili, mabega yao yanagusana, mama yangu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba upande wa pili wa mpaka ni Babeli yenyewe anamcheka binti wa Babeli kama mtu aliyemzaa, nami nimekaa hapa kama jiwe la mpaka... "Mzee wa kanisa leo kanuna," Godelieve anasema, na mama anamwambia kwamba sivyo, huyo ananuna tangu alipobatizwa, maji yalikuwa baridi, kisha Godelieve ananishika mkono, anasema mama yangu ana bahati, watoto wangapi siku hizi wangemleta mama yao matembezini hivi, watoto wake yeye wanamletea maua tu tena yaliyofungwa karatasi ya kituo cha petroli, mwana mwema wewe, kaka Marinus, anasema, mwana mwema... na neno hilo linaniingia ubavuni kama mkuki wa askari, kwa maana najua matembezi haya ni nini, nayajua ladha yake, ni ladha ya peremende za siagi, mfuko mzima wa peremende za siagi nilioshikishwa siku ile bwenini, sisi watoto wa matishari ya mizigo hatukuwa na shule ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, baba na mama walikuwa majini, leo Rotterdam kesho Liège, na ulipofika umri wa kusoma ulipelekwa bweni la watoto wa watu wa majini, ukamwona mama yako Jumamosi kama mashua ilikuwa karibu, na kama haikuwa karibu hukumwona, walinipa peremende na mlango ukafungwa nami nikala moja, na mama hakulia, nilimtazama dirishani akielekea gatini, alitembea upesi, mgongo wima, hakugeuka, na tangu siku hiyo nimeibeba picha hiyo ya mgongo kama vibao viwili vya Musa, nikaisoma kila siku, imeandikwa, hakulia, hakugeuka... nami leo nimempa yeye nini, nimempa vyumba vya meli vyenye mapazia ya dhahabu, kamba wadogo wa Zelandi juu ya mkate wa siagi, muziki wa kinanda jioni, mfuko mkubwa zaidi wa peremende, kisha mlango... Rinus, mama ananiita, kahawa yako inapoa, nami naitikia ndiyo Mama, na sinywi... "Na huyu ulimwachaje bwenini, mama?" Godelieve anauliza, maana mama ameshamsimulia maisha ya matishari, laiti asingeuliza, mimi sijauliza tangu utoto, natazama kamba nene inavyolegea kwenye nguzo ya chuma maji yanavyotuinua, kijana wa meli anaivuta, analegeza, anavuta, na mama anasema tulimwacha kama wenzetu walivyowaacha wao, hapakuwa na njia nyingine, anapuliza kahawa ambayo imeshapoa, tishari letu liliitwa Ebenezeri, anamwambia, maana yake hata sasa Bwana ametusaidia, na wiki ile ya kwanza sikuweza kulisoma jina hilo ubavuni nikiwa naosha sitaha, nilikuwa nasugua huku nimeangalia pembeni... sikujua hilo, sikujua, lakini haya ni maneno, watu husema... "Nilikuwa nafua shati lake," mama anasema. Godelieve hakusikia vizuri, au amesikia hakuelewa, anauliza shati gani, alikuwa anarudi na nguo chafu? "Hapana, mwanangu. Lilikuwa safi. Hakulivaa mtu. Kila Jumatatu nililifua hivyo hivyo, nikalianika kule mbele ambako kila mtu anaona. Ukiingia kwenye malango ya maji umebanana na matishari mengine, wake wa wenzako wanatazama kamba yako ya nguo, wanajua una watoto wangapi na wana ukubwa gani. Sikutaka watazame kamba yangu waseme huyu hana mtoto." ...maji yanapanda... "Na baba yake alisemaje?" "Alinicheka. Sabuni inaisha, alisema, kwa ajili ya mzimu. Halafu nikaugua homa, nimelala chini kule, naangalia juu kupitia kidirisha, namwona mwanamume mzima kapiga magoti, analifua yeye." Na Godelieve, ambaye hajanyamaza tangu Rotterdam, anasogeza kiti, na kwa sauti ya chini, ya mtu anayedhani mimi sisikii kwa sababu natazama kamba, anauliza, "Mwanao analijua hilo?" na mama yangu anasema, "La nini? Angelia, na wenzake wangemcheka"... Ee Bwana, Ee Bwana wa Hana, maana nimemsoma Hana mara ngapi kwa sauti yangu kavu, mwanamke aliyemtoa Samweli wake hekaluni, na mwaka hata mwaka alimshonea kijoho kidogo akampelekea, nami nilifika mstari huo nikaupita kama mtu anayepita nyumba ya jirani usiku, nikakimbilia sauti ya Mungu ikimwita mtoto gizani, Samweli, Samweli, kwa kuwa huko ndiko kwenye ukuu, sikusimama kwenye kijoho, sikuuliza Hana alikadiria vipi urefu wa mikono ambayo hakuwa ameiona kwa mwaka mzima, na shati langu lilikuwa kwenye upepo juu ya maji ya mto Skelda, likafuliwa, likaanikwa, likafuliwa, na mgongo ule uliotembea upesi, mpumbavu mimi, ulitembea upesi kwa sababu uso ulikuwa unabomoka, na haukutaka mtoto auone... kwa hiyo nini, Marinus, anasema yule aliyeketi kiti cha mbele, umeguswa, vema, watu huguswa kanisani kila Jumapili kisha hurudi nyumbani kula nyama, kitanda cha Goes bado kimetandikwa... lakini angekwenda wapi, kimashua kile ni hatari, ngazi ile ni hatari, mke wangu anasema kweli, nyumbani kwetu hatuna nafasi... hatuna nafasi... sema tena, mzee wa kanisa, sema neno hilo mbele za Yeye ambaye mama yake naye aliambiwa hakuna nafasi katika nyumba ya wageni, hamna nafasi, na chumba cha mbele je, chumba cha Jumapili, chenye mapazia meupe yaliyopigwa pasi na saa ya babu yake Jacomina na viti ambavyo havikaliwi, siku sita kimefungwa, siku ya saba tunaingia na soksi tu, bila viatu, baada ya ibada, kahawa moja, biskuti moja, na mara moja kwa mwaka ndugu wawili wa baraza la kanisa huja kutukagua roho, huketi humo na kofia magotini, chumba hicho ni cha Bwana, Jacomina amesema, si cha kutundikia soksi za mgonjwa, nami nilikubali, tena nilikubali upesi, kwa kuwa kilisikika kitakatifu, kisha nikaenda Goes nikatazama ghorofa ya tatu, dirisha linaloangalia maegesho ya magari, mwanamke aliyelala maisha yake yote akisikia maji yakigonga ubavu... Korbani, hilo ndilo jina lake, lile neno ambalo Bwana wetu aliwatupia Mafarisayo usoni, waliomwambia baba na mama, kile ambacho kingekufaa nimemwekea Mungu wakfu, na wakaruhusiwa wasimtendee mzazi neno lolote tena, wakaitangua amri kwa mapokeo yao, na wakaendelea kunawa mikono vizuri sana, nimelisoma hilo mimbarini, hapana, chini ya mimbari, nimelisoma mara nyingi na macho yangu yakamtafuta Farisayo katika viti vya kanisa, nikampata kila mara, wala hakuwa mimi... na Wewe, ee Bwana, uliyesema nalikuwa mgeni, msinikaribishe, ulipokuja nyumbani mwangu ulitaka chumba chenye vumbi lililofutwa, au ulitaka kitanda karibu na dirisha, na mama mkongwe akiimba zaburi nje ya wakati, na harufu ya dawa ya kuchua nyonga, Zakayo aliambiwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, wala hakujibu kwamba ngoja kwanza Jumapili... Jacomina atapinga, atasema saa ya babu yake, atalia kidogo, ni mwema Jacomina, alikaa na mama hospitalini mikesha yote ile na kumchana nywele, anaogopa tu macho ya ndugu wawili wenye kofia, kama mimi ninavyoyaogopa, nitamwambia kwamba mmoja wa ndugu hao ni mimi, mwaka huu ni zamu yangu kukagua nyumba za watu, na nitaanza na ya kwangu... jua limetoka, jua hafifu la Aprili, limeangukia mikono ya mama, mikono iliyokatwakatwa na kamba, kucha nene, anamwonyesha Godelieve jinsi ya kufunga fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, kwa kutumia mkanda wa blanketi, na Godelieve anashindwa, anajaribu tena, anashindwa, wanacheka, "Wewe umesuka nywele miaka yote hiyo, fundo moja tu linakushinda," anasema mama, na kisha, hivi hivi, kama anayesema habari za hewa, anamweleza kwamba akirudi Wemeldinge atapaka rangi kifuniko cha sitaha kabla joto halijaja, rangi ya kijani, kopo analo tayari, Rinus atamshikia ngazi... atamshikia ngazi... na hapo ndipo naona kosa lililo chini ya kosa, kwamba hata chumba cha mbele naweza kumpa kama nilivyotaka kumpa Goes, kama peremende, kama mtu anayehamisha mzigo kutoka tishari hili hadi lile, nimeamua ghorofa, sasa naamua chumba, na yeye ameketi hapa, akili yake kali kuliko yangu, nyonga tu ndiyo iliyovunjika, na hakuna mtu, tangu aanguke, si daktari, si Jacomina, si mimi, aliyemwuliza swali ambalo hata kipofu wa Yeriko aliulizwa na Mwana wa Mungu mwenyewe, ambaye alikuwa anaona wazi kwamba ni kipofu, wataka nikufanyie nini... pengine atasema chumba cha mbele, pengine atasema mashua, basi tutatafuta ngazi mpya yenye mikono ya kushikia, nami nitakwenda kila jioni, kutoka kwangu si mbali, sijawahi kuwa mbali, huo ndio upumbavu wenyewe, na akikataa vyote viwili atakuwa amekataa yeye, na mguu wake ukiteleza utateleza akiwa mtu, si furushi, Bwana, najua ni vigumu, nami naogopa, lakini hofu hii ni nyepesi kuliko ile niliyopanda nayo meli, naweza kuibeba, kwa kweli naweza... bado tumo ndani ya malango, maji hayajajaa, kikombe changu hakijaguswa, hakuna aliyeona kitu, Godelieve anahangaika na fundo lake, na mama ananitazama sasa, kichwa kimeinamia bega kidogo, kama alivyokuwa akitazama anga kujua kama nguo zitakauka... Geuka, Marinus Verhage, geuka sasa, wala usingoje Ghent, usingoje chakula, usingoje ashibe ndipo umwambie, mwambie mama yako kweli yote, Goes na kitanda na majirani, umwombe radhi kwa kinywa chako na si kwa matembezi, kisha umwulize anataka kuishi wapi, na ukae kimya mpaka amalize kujibu. Nawe pia, uliye na mlango uliofungwa nyumbani mwako ukasema ni kwa ajili ya Mungu, inuka hapo ulipoketi, nenda ukaufungue leo, maana Yeye hakukuomba chumba, alikuomba umheshimu mama yako.