Mtoto Asiyeitwa Mbaya

Miezi mitano sasa Mwalimu Bakoly alikuwa katika kijiji kile cha milimani, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia kwamba mwanawe ni mbaya.

Asikudanganye mtu, hilo si jambo dogo. Kwetu Madagaska mtoto mchanga hasifiwi, wenye husuda wasije wakasikia, wawe watu au mizimu. Anayempenda humbana pua akamwambia, "Kibaya wewe, sura kama chura!" Neno "mzuri" ni la mpita njia, ambaye mtoto akifa hatamlilia. Wanawake wa pale walipokutana na Bakoly kisimani walichungulia mgongoni kwake, wakasema, "Mtoto mzuri, Mwalimu," kisha wakajitwika ndoo zao wakaenda. Yeye alikuwa mtu wa pwani, mume hajulikani aliko, na adabu yao ile ilimkata maini. Alikuwa akila wali wake na kunywa maji yaliyochemshiwa ukoko wa chungu bila kusema na mtu.

Jumanne moja yaya hakuja. Bakoly akaingia darasani na mtoto mgongoni, akamlaza kwenye mkeka chini ya ubao.

Somo lilikuwa vivumishi vya sifa, na mchezo wake watoto waliupenda kuliko kula. Madawati ya kaskazini yalishindana na ya kusini. Mwalimu anainua kitu, mtoto anataja sifa yake, na jibu sahihi linatia harage katika kopo la upande wake. Sharti lilikuwa moja tu: mtu haitwi mbaya. Atakayemwita mtu hivyo, kopo la upande wake linamwagwa lote.

"Jiwe!"

"Zito!"

"Unyoya!"

"Mwepesi!"

"Kamba hii?"

"Fupi, Mwalimu, kama Fenosoa!"

"Mfupi mwenyewe, pua kama kiazi!" Fenosoa akajibu, kisha akanyoosha kidole mkekani. "Mwalimu, tumtaje mtoto!"

Darasa zima likashangilia. Bakoly akamwinua mwanawe, na moyo ukaanza kumdunda kana kwamba yeye ndiye aliye kwenye mtihani.

"Haya, kaskazini. Mtoto huyu yukoje?"

"Mdogo!"

"Mnene!"

Ikafika zamu ya Ravaka, binti wa miaka sita aliyezoea kubeba wadogo zake. Alisogea karibu, akamtazama mtoto, uso ukamlainika. Akambana pua.

"Mbaya," akasema. "Jamani, mbaya huyu! Sura kama chura!"

 Miezi mitano Bakoly alikuwa akilingoja neno hilo, na furaha iliyompata alitaka kuipigia kelele.

Lakini madawati ya kusini yalikuwa yameshaanza kugongwa. "Kakosea! Kamtukana mtoto wa Mwalimu! Mwaga maharage!" Wenzake wa kaskazini nao wakamgeuka. "Ravaka, mjinga wewe, umetumaliza!"

Ravaka akajiziba mdomo.

"Nyamazeni!" Bakoly alisema. "Hajakosea. Ravaka, mwanangu, rudia. Sema tena."

Mtoto wa shule akiambiwa arudie, anajua amekosa. Mwalimu gani humrudishia mtu jibu lililo sawa? Ravaka aliweka mikono nyuma, akasimama wima kama alivyofundishwa, akatazama ubao badala ya mtoto.

"Mtoto wa Mwalimu ni mzuri," akasema. "Samahani, Mwalimu."

"Siyo hilo. Lile la kwanza, mama. Nililipenda lile."

"Mzuri," Ravaka akasema, machozi yakimtiririka. "Mzuri sana. Mzuri, mzuri."

Kaskazini wakapiga makofi kwa kuokoka. Watoto hamsini walikuwa wakimtazama Bakoly, wakingoja. Akamrudisha mwanawe mkekani, akachukua harage moja, akalitia katika kopo lao, maana jibu lilikuwa sahihi.