Lango la Upande wa Pili

Mume wangu haoni, lakini usithubutu kumwonea huruma mbele yangu, utaondoka na maneno yako. Alikuwa fundi makochi hodari, na macho yalipomwacha polepole aliendelea kupigilia misumari kwa kupapasa mpaka nikamnyang'anya nyundo. Mtaa mzima wanamwita Fundi, nami namwita Fundi, hata siku tunazogombana.

Nyumba yetu tuliinunua kwa ajili ya uwanja. Wenzetu walifuata vigae na maji ya moto. Sisi tulifuata nyasi. Ni eneo kubwa katikati ya nyumba zilizojengwa na kampuni, na ng'ambo yake ziko nyumba za zamani, na katika nyumba hizo ndiko alikoishi wifi yangu, dada mkubwa wa Fundi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Waliotuuzia walituambia uwanja ni wa wote, wa ndani na wa nje, una malango mawili, moja upande wetu na jingine upande wao, na yote yako wazi mchana kutwa. Fundi aliuliza swali moja tu.

"Kwa dada nitafika kwa miguu?"

"Mzee, hata ukifumba macho," wakamjibu. Alicheka mpaka akakohoa.

Na kweli alifika. Kila siku baada ya chai alichukua fimbo yake akavuka peke yake. Njia ilikuwa na ukingo wa mawe. Fimbo ilifuata mawe hadi lango la pili, na nyumba ya wifi ilikuwa mkabala na lango hilo. Wifi miguu ilishakataa kazi, alilala kitanda cha dirishani, na alianza kupiga kelele kabla mdogo wake hajafika: "Kitindamimba wangu! Shati umelivaa nje ndani! Mkeo huyo si anajiita fundi cherehani?" Hakunipenda, wala mimi sikujipendekeza. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwa mdogo wake alikuwa mama. Fundi alirudi saa ya chakula uso umenawiri, kwa sababu alikuwa ametoka mwenyewe na kurudi mwenyewe.

Kisha usimamizi wa nyumba ukapewa kampuni nyingine, na meneja mpya akaitisha mkutano wa wakazi. Mimi nilikuwa na gauni la bibi harusi mashineni, Fundi akaenda peke yake. Mwenyekiti wetu alisimulia visa vya watu wa ng'ambo: watoto wao wanaharibu nyasi kwa mpira, wapita njia wanachungulia madirishani, na eti kuna mtu kaibiwa ndala kibarazani. Halafu akasema, "Wanaotaka usalama, mikono juu!" Fundi alisikia watu wakinyoosha mikono kushoto na kulia, naye akanyoosha wake. Nani hataki usalama? Alirudi nyumbani ameridhika, akaniambia mkutano ulikuwa mzuri na soda zilikuwa baridi.

Siku chache baadaye fimbo yake ikagonga chuma. Alidhani amepotea njia. Akarudi hadi lango letu, akaanza upya, akafika palepale, akagonga tena. Mlinzi wa lango lile, mtu mzima mwenye wajukuu, alishindwa kumtazama akanipigia simu.

Nilikwenda ofisini kwa meneja na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Nilikwenda kugomba, sikwenda kuomba. Meneja alikuwa mwanamke mpole, akanikaribisha kiti, jambo lililonikera zaidi.

"Mama, uwanja bado ni wa wote," alisema. "Ni lango tu limefungwa."

"Sasa hao wa nje waingilie wapi?"

"Lango kuu, lile la barabarani."

"Na lango kuu anafunguliwa nani?"

"Wakazi."

Nikamwangalia. Hakuona kichekesho chochote. Nikamweleza habari za Fundi na dada yake. Akasikiliza yote, akasema pole, kisha akanigeuzia simu yake nione picha ya mkutano. "Wakazi wenyewe ndio waliamua. Huyu si mzee wako?"

Alikuwa ndiye. Mkono wake ulikuwa juu kuliko mikono yote. Nikamrudishia simu yake, nikaikunja futi yangu, nikatoka.

Baada ya hapo nilipigwa danadana. Meneja alisema niongee na mwenyekiti. Mwenyekiti alisema yeye ni mkazi tu kama mimi, niongee na kampuni. Kampuni, kwa simu, walisema mambo ya malango yako chini ya meneja. Hakuna aliyenitukana. Laiti mmoja angenitukana, ningejua pa kushika.

Kuzunguka ni kwa barabara kuu iliyojaa malori, na daraja lisilo na njia ya miguu. Nilimpeleka kwa teksi nilipopata nafasi. Alikaa kwa dada yake kimya, fimbo mapajani.

"Mbona umenyamaza?" wifi akamuuliza.

"Nimeletwa," akasema.

Siku nyingine alikwenda mwenyewe mpaka kwenye vyuma, akasimama hapo na kuita, na wifi akamjibu kutoka dirishani. Walipigiana kelele habari zao za presha na za marehemu, majirani wakicheka. Lakini wiki zilivyokwenda Fundi alizidi kuweka sikio kwenye vyuma, na nikajua sauti ya wifi inapungua.

Asubuhi moja binti wa wifi akapiga simu. "Mwambie mjomba aje. Mama anamwita. Aje sasa hivi."

Tulivuka uwanja karibu tunakimbia, mkono wake begani mwangu. Mlinzi alikuwa langoni.

"Baba, fungua," nikamwambia. "Dada yake anakata roho."

"Mama, naapa, ufunguo hawaniachii. Uko ofisini."

Nikampigia meneja. Akapokea, akasikitika, akasema kufungulia mmoja ni kufungulia wote, ngoja aulize makao makuu. Nikangoja. Fundi alishika vyuma kwa mikono miwili.

"Dada! Niko hapa!"

Dirishani akatokea binti wa wifi, anafuta machozi. "Anakusikia, mjomba! Anauliza mbona huingii!"

Fundi alilitikisa lango. Sijawahi kumwona akitikisa kitu. Nilimvuta, tukakimbilia teksi, na darajani tukakuta lori limekwama na magari yamejipanga nyuma yake. Dereva alizima injini. Nililia ndani ya gari lile kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niipeleke wapi. Tuliposhuka kwa wifi, Fundi alisikia kilio kabla yangu.

Mchana, tukiwa tumekaa mkekani, nikasikia sauti za mtaani kwetu. Walikuja wengi, kwa miguu, wamebeba viti na sukari, mwenyekiti mbele na mlinzi nyuma. Mwenyekiti alipiga magoti akamshika Fundi mikono.

"Pole sana, mzee wetu. Tumekuja wote. Meneja ametufungulia, amesema kwenye msiba hapana kufungiana."

"Amefungua wapi?" Fundi akauliza.

"Lango hili la uwanjani. Tumefika sasa hivi tu, kumbe ni karibu hivi!"

"Makao makuu wamekubali?"

"Wala hakuwauliza, mzee. Alitoa tu ufunguo mezani."

Nilifungua kinywa nimtolee uvivu. Lakini mwenyekiti alikuwa analia, tena analia kweli, na kamasi juu. Nikaminya kanga yangu kinywani.

"Asanteni kwa kuja," Fundi akasema. Alingoja mpaka wamekwenda kukaa, kisha akanigeukia.

"Liko wazi mpaka sasa?"

"Liko wazi."

Akapapasa mpaka akapata mkono wangu.

"Waambie wafunge," akasema. "Sina tena wa kumwendea."