Habari Iliyochelewa Njiani

"Kidoti chekundu tu, mama. Usiangalie kitu kingine."

Mpimaji, dada mwembamba asiye na haraka, alikuwa amemaliza kumgawa mgonjwa wake nywele kisogoni na kumbandika nyaya kwa gundi laini ya baridi. Jicho la kulia alikuwa amelifunika. Taa zikazimwa. Mbele yao kioo kikawaka miraba myeusi na myeupe, na katikati kidoti chekundu. Kisha miraba ikaanza kubadilishana, mweusi ukawa mweupe, mweupe ukawa mweusi, bila kupumzika.

Mtu mwingine akiambiwa atazame kidoti hutazama kidoti. Lakini huyu alikuwa fundi cherehani, na si fundi wa hivi hivi. Mtaani walimwita Fundi Mirabaraba, kwa kuwa kwenye shati la miraba alilolishona usingejua mfuko umebandikwa wapi. Mstari ulikutana na mstari. Basi jicho likamtoroka. Likaenda pembeni kukagua kama miraba imekutana sawasawa, likateremka chini, likarudi juu.

Mpimaji akasimamisha mashine, akamuuliza kwa upole alikuwa anatafuta nini.

"Mshono," akasema, na haya ikamshika.

Kwenye kiti cha ukutani mumewe akacheka. Alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno mengi, hakujaliwa kunyamaza. Akamwambia mpimaji kwamba huyu hata akikutana na mtu njiani husalimia shati kwanza. Kisha, kwa utani ule ule, akasema wanapoteza muda wa watu, kwani macho ya mke wake ni mazima na daktari wa macho alishasema.

Hapo ndipo palipomuuma mkewe. Miezi kadhaa nyuma jicho la kushoto lilimvuta kwa maumivu kila alipoligeuza, kisha likaingia ukungu. Uzi mwekundu akauona umechujuka. Likapona lenyewe. Lakini baadaye miguu ikaanza kufa ganzi, na kila aliposimama kupiga pasi, joto likimpanda, ukungu ulirudi. Akikaa kando akapoa, unaondoka. Daktari wa macho alimsomesha herufi, naye akazisoma zote mpaka mstari wa mwisho. Tangu siku hiyo mumewe alikuwa na wimbo mmoja, kwamba jicho la mke wake linaijua siku ya pasi. Watu walicheka. Yeye pia alicheka, maana utafanyaje? Lakini utani ukirudiwa sana humwingia mtu. Akaanza kujishuku. Pengine kweli ni uvivu, au kichwa kinaanza kuharibika. Leo alitaka kitu kimoja tu: aambiwe kama ni mgonjwa au ni mwongo.

Safari ya pili alikishika kidoti kama anayetunga uzi kwenye sindano. Miraba ikarukaruka, asiijali. Kisha likafunikwa la kushoto, ikawa zamu ya la kulia.

Taa zilipowashwa, mumewe akasogea kwenye kompyuta kwa udaku wake wa kawaida. Mpimaji alisema kueleza ugonjwa ni kazi ya daktari, ila kuona wanaweza. Kila miraba inapobadilika, jicho hupeleka habari nyuma ya kichwa, na huko ubongo huitika kwa umeme mdogo mno. Mashine huukusanya mwitikio huo tena na tena mpaka uonekane. Ilikuwapo mistari miwili, kila mmoja na kilima chake. Kilima cha jicho la kulia kiliinuka mahali pake. Cha kushoto nacho kiliinuka vizuri, kimetimia, lakini mbele zaidi kwenye mstari wa muda.

"Hili linaona," mpimaji akasema. "Habari yake ndiyo inachelewa njiani."

Mwili ukamsisimka. Lo, kumbe muda wote ule! Yeye akichekwa, yeye akijishuku, jicho lake lilikuwa likisema kweli huko gizani ambako hakuna mtu aliyewahi kuchungulia, na binadamu wakabuni namna ya kulisikiliza. Akanyoosha kidole karibu na kile kilima, akaogopa kukigusa.

Daktari wa mishipa ya fahamu aliwaeleza bila kuzunguka. Utando unaoufunika mshipa wa jicho ulikuwa umechunika. Kipimo hiki peke yake hakitoshi, alisema, lakini ukikiweka pamoja na picha za kichwa alizopigwa awali na habari za miguu, vyote vinaelekeza kwenye multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa mishipa ya fahamu. Dawa ya kuuondoa haipo. Za kuupunguza kasi zipo. Kisha akamgeukia mgonjwa, wala hakuna aliyekuwa amemdokeza habari ya pasi.

"Ukipata joto unaona ukungu? Kwenye jiko, au ukipiga pasi?"

Akaitikia kwa kichwa. Mumewe alikuwa akitazama sakafu.

Nje walikaa kwenye benchi kusubiri dawa. Hofu ya ugonjwa na furaha ya kusadikiwa zilimjia pamoja, asijue ashike ipi. Mumewe akamgeukia.

"Nieleze," akasema.

"Nikueleze nini?"

"Siku ile ya kwanza. Nilikuwepo, ila sikukusikiliza."

Akaanza kumweleza, polepole, tangu asubuhi ile alipodhani kioo cha dirisha kimechafuka, akakifuta, akakifuta tena. Mumewe alikuwa ameinama, sikio lake karibu na midomo ya mkewe. Kwenye dirisha la dawa wakaita jina la mkewe. Wakaita tena. Mumewe akainua mkono kuwaomba wasubiri, asigeuze kichwa.