Waliomwita Posta

Fundi cherehani alianza kuusikiliza ule mchezo kwa sababu ya binti yake. Binti alikuwa amehamia mji mwingine kikazi, na maongezi yao ya simu ya Jumapili yalikonda hadi yakabaki mifupa: hujambo mama, sijambo, unakula, nakula, haya, niko na watu. Kitu pekee kilichomchangamsha binti ni mchezo wa kusikiliza uliotoka mtandaoni kila Jumatano, kuhusu madada wawili waliorithi nyumba ya wageni wakaigombania hadi vijiko.

"Hebu nisimulie," fundi alimwomba siku moja.

"Mama, ni mrefu mno. Hutaelewa."

Neno hilo lilimkaa rohoni. Akaanza sehemu ya kwanza, simu ikiwa juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na mkasi. Miezi miwili baadaye alikuwa amemaliza sehemu tisini na nne, huku akishona sare za shule. Siku mpishi wa ile nyumba alipofukuzwa kazi, machozi yalimziba macho akaunguza kola ya mteja kwa pasi. Akatafuta wenzake wa kulia nao, ndipo akalikuta kundi la wapenzi wa mchezo. Alijisemea atamshtukiza binti yake: kumbe na mama yumo!

Kundini watu walijiita majina ya kubuni, na Kiswahili chao kilikuwa kama shati lililovaliwa ndani nje. Mtu "akilowa," kumbe amelia. "Akimwaga mchuzi," ametoa siri ya sehemu ijayo.

"Samahanini wanangu," fundi aliandika, "huo mchuzi ni kitu gani?"

Vikaragosi vya kucheka vikamiminika. Jibu, hakuna. Msimamizi, aliyejiita Bi Mkaguzi, akaandika: "Wageni wasome kwanza kabla ya kuuliza." Wasome wapi, hakusema.

Fundi akajifundisha mwenyewe. Kila neno jipya aliliandika nyuma ya daftari la vipimo, na alipolipatia maana akalipigia mstari. Alipojiona ameiva, akaandika maelezo marefu: kwamba mpishi ndiye mama mzazi wa yule dada mdogo. Sikilizeni, alisema, kila mara huyo mdogo akirudi nyumbani mpishi humuuliza kama amekula kabla hata ya kumsalimu. Mfanyakazi hafanyi hivyo. Mama ndiye hufanya hivyo.

Hakuna aliyejibu hoja yenyewe. Mmoja tu, Kiroboto, mchekeshaji wa kundi, aliandika: "Jamani, Posta imefika!" Watu wakashangilia. Tangu siku hiyo wote wakamwita Posta. Naye alifurahi, maana ukipewa jina umeshapewa na kiti. Akawa anamalizia kila ujumbe kwa "Wenu, Posta," wanacheka, na yeye huko kwenye cherehani anacheka nao.

Wiki tano baadaye mchezo ukafichua: kweli mpishi ndiye mama. Kundi likalipuka, pongezi zote zikamwendea Kiroboto, ambaye katikati hapo alikuwa ameirudia hoja ile ile kwa ile lugha yao. Fundi aliandika, "Nami nilisema." Ujumbe ukazama.

Jumapili hakuweza kujizuia.

"Mpishi nilimjua zamani!" alimwambia binti.

"Mama? Umesikiliza?"

"Zote. Na kundini nimo. Mimi ndiye Posta!"

"Mama," binti alisema taratibu, "Posta ni barua inayofika watu wameshahama. Ni mtu anayechelewa kila kitu. Lilikuwa jina la kukucheka."

"Nani alilibuni?"

"Mimi ndiye Kiroboto. Sikujua ni wewe."

Fundi alikaa ukingoni mwa kiti, vazi la mtu likiwa bado mapajani. "Na habari ya mpishi, uliitoa wapi?"

"Watu wengi walikuwa wanawaza hivyo, mama." Kisha, kwa haraka: "Tafadhali usiwaambie kwamba wewe ni mama yangu. Au jitoe tu, kimyakimya. Hawatauliza."

Alijitoa kabla ya chakula cha mchana. Kweli hawakuuliza.

Siku tatu baadaye ulikuja ujumbe: "Pole mama, ulikuwa utani tu." Fundi aliusoma mara mbili. Pole huambiwa mtu aliyejikwaa mwenyewe. Alichokuwa akingojea ni samahani, nayo haikuwamo.

Jumapili iliyofuata simu iliita, akaiacha iite. Ikaita tena. Hakuwa akimkomoa mtoto wake, wala hasira hazikuwa nyingi kiasi hicho. Alikuwa ameketi akitafuta neno moja la kuanzia, neno la kawaida tu, ambalo akilitamka hatajiuliza huko upande wa pili lina maana gani nyingine.