Sufuria ya Kwenda Buloko

Jumapili moja asubuhi, kabla ya misa, Mama Kasoki alikuwa jikoni kwake Molenbeek, mjini Brussels, akichambua maharagi. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye pakiti ya chumvi ili auone uso wa mjukuu wake vizuri. Rolande alikuwa na miaka mitano. Alizaliwa Australia, katika mji mdogo wa pwani unaoitwa Port Ansell, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, neno hapa neno pale. Kasoki akamwuliza baba yuko wapi. Mtoto akachungulia dirishani, akamjibu bibi yake bila wasiwasi wowote.

"Papa eko ku buloko, koko. Eko naenda kila siku."

Buloko ni gereza. Kule Kivu hakuna asiyelijua neno hilo, hata mtoto mdogo. Kasoki akabaki na punje ya haragi kati ya vidole, na kabla hajafungua mdomo, binti yake Mignonne akaichukua simu na kuanza habari za mvua iliyonyesha huko kwao. Basi Kasoki naye akaongea habari za mvua. Waliagana vizuri, akaosha maharagi, akayabandika.

Mwingine angeuliza palepale. Kasoki hakuwa mtu wa hivyo. Hata sufuria yake ya maharagi huwa haifunuifunui. Huiacha ichemke mpaka wakati wake ufike. Tena kwao mama mkwe hamhoji mkwe. Wanaheshimiana, wanasalimiana macho yakiwa pembeni, hawali chakula wakitazamana. Na huyu Josias, baba yake Rolande, hata jina la mkwe alikuwa bado hajapewa. Yeye na Mignonne walioana kambini Uganda, wazee hawapo, kisha wakachukuliwa kupelekwa Australia. Kasoki hakuwahi kumwona ila kwenye simu. Neno la ukoo lilikuwa kwa Polycarpe, mdogo wa marehemu mume wake, anayekaa Ixelles karibu na Matonge, na Polycarpe alikuwa amekaza. Mignonne alilia kwa simu mara nyingi akiomba baraka. Mwishowe shemeji akalegea kidogo, akamtania Kasoki kama anavyomtania siku zote:

"Enda umuone, bibi yangu. Ukirudia na kusema ni muntu, nitamuita mukwe. Ukirudia unanyamaza, na mimi nitanyamaza, donc itakuwa imeisha."

Tiketi ilikuwa imekwisha kukatwa. Kasoki akalifunga neno la buloko moyoni kama alivyofunga nguo zake kwenye valizi, asimwambie mtu. Polycarpe angelisikia, hata uwanja wa ndege asingemsindikiza.

Kule alikofika, watu wa forodha walimnyang'anya sambaza zake kavu zote, wale samaki wadogo wa ziwani, pamoja na sombe, majani ya mihogo. Hakugombana nao. Alizitazama tu sambaza zake mpaka zilipotumbukizwa ndani ya pipa, akafunga valizi, akatoka. Nje Mignonne alimkumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Nyuma ya Mignonne alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, macho yake chini kwenye sakafu. Alimsalimia Kasoki kwa mikono miwili, akaibeba valizi, akatembea mbele haraka asije akamsumbua. Kasoki akajisemea kwamba kwa adabu hajambo. Kisha akakumbuka, na furaha yake ikapungua.

Port Ansell ulikuwa mji wa kupendeza, hilo hakulikataa. Mchanga wa pwani ulikuwa mweupe kama unga wa mihogo ulioanikwa juani. Pale wavuvi waliposafishia samaki, ndege wakubwa waitwao wari walijipanga, kila mmoja na mfuko wake chini ya mdomo, wakingoja matumbo ya samaki kama watu waliokuja na vikapu. Pomboo walipita karibu sana na ufuko, migongo inang'aa, Rolande akiwaita kwa majina aliyowapa mwenyewe. Na kangaruu, wale Kasoki aliodhani wako porini mbali, walilala kwenye majani ya watu, mkono mmoja juu ya tumbo, kama wanaume waliokwisha kula wakingoja kahawa.

Ila kutoka dirisha la jikoni zilionekana kuta nene za mawe, huko mwisho wa nchi kavu, bahari imezizunguka pande tatu. Mignonne alimwonyesha siku ya kwanza tu. Buloko ile pale, mama.

Kila asubuhi Josias alikunywa chai yake amesimama, akachukua tufaha moja, akasema kwa heshima, "Mama, minaenda ku buloko," kwa sauti ya mtu anayekwenda sokoni. Alirudi na gari jioni, akamrusha mtoto juu, akaosha vyombo. Kasoki aliwaza sana juu ya mambo hayo. Akaamua kwamba nchi hii adhabu inafanywa mchana, usiku mtu analala kwake. Haikumshangaza mno. Brussels nako alikuwa amesikia habari za watu wanaofungwa wakiwa nyumbani, wamevishwa bangili mguuni. Tena jioni moja Josias alirudi akichechemea, kifundo cha mguu kimekuwa chekundu, na Mignonne akampaka mafuta huku anacheka, eti ule mnyororo utamchuna ngozi yote. Kasoki hakucheka. Aliinuka akaenda kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Mignonne alitaka wampeleke Jumamosi akaone buloko kwa ndani. Kasoki akasema magoti yanauma. Alipoombwa tena akasema jua kali. Mama gani anakwenda kumtazama mume wa binti yake akiwa katika aibu? Na binti naye, aliwaza, anajifanya jambo ni la kawaida ili mama asiumie. Josias alisikia majibu hayo akiwa anasugua sufuria, akazidi kuinamisha kichwa.

Kilichomkosesha raha zaidi ni lile tufaha.

Kwao Butembo buloko haipiki. Mfungwa anakula kile ambacho nyumbani kwake wamempelekea, na asiyepelekewa analala na njaa. Kasoki alipokuwa bibi harusi mpya, Polycarpe alikamatwa kwa kuendesha kinga, yaani baiskeli, bila plake ya namba. Mpaka walipomwachilia, ni Kasoki aliyempelekea chakula kila mchana, sufuria kichwani, na juu yake kifurushi kidogo cha majani, fungu la mlinzi, kwa sababu mlinzi asipokula kwanza mlango haufunguki. Sasa huyu Josias nani anampelekea? Mama yake alikwisha kufa. Mignonne anashinda kazini kwenye nyumba ya wazee tangu asubuhi. Mtoto yuko shule. Kasoki alihesabu watu wote, akaona anayebaki ni yeye.

Siku iliyofuata, nyumba ilipobaki tupu, alichuma lengalenga, yaani mchicha, zilizooteshwa nyuma karibu na bomba. Alizikatakata nyembamba sana, akaziunga na kitunguu na nyanya. Maharagi alikuwa ameyachemsha tangu jana. Akasonga bugali, akauzungusha na sahani yenye maji mpaka ukawa laini kama yai. Akapanga vyote ndani ya sufuria kubwa, akaifunga kwa kitenge, fundo juu. Fungu la mlinzi akalitia kwenye bakuli dogo. Kisha akavaa viatu vya misa akafuata njia ya pwani, upepo wa chumvi ukimpiga usoni, sufuria ikiwa nzito mikononi na moyo ukiwa mwepesi kidogo, maana angalau sasa alikuwa na la kufanya.

Mbele ya lango kangaruu mmoja mkubwa alisimama wima akamtazama, kama askari anayetaka kuona kitambulisho. Kasoki akamwamkia, akapita. Langoni alikaa msichana mwenye nywele nyekundu, ndani ya kibanda cha kioo. Kasoki hakuwa na Kiingereza. Akaweka bakuli mbele yake, akalifunua mvuke upande, akasema neno moja tu, Josias. Msichana akalitazama bakuli, akamtazama Kasoki, akaonja. Akatoka ndani ya kibanda, akamshika mkono, akampeleka mwenyewe. Kasoki akaona walinzi ni walewale duniani kote.

Ndani kulikuwa na uwanja, na pembeni vyumba vidogo vya mawe vyenye milango ya chuma na vidirisha vya nondo. Kundi la watu wenye kofia za jua walisimama nusu duara. Mbele yao alisimama Josias, amevaa suruali na shati la kijivu lililochorwa mishale myeusi kila mahali, mnyororo mguuni, anasema kwa Kiingereza kwa sauti kubwa.

Alipomwona mama mkwe wake, sauti ilikatika. Alijitazama zile nguo. Halafu akakimbia, mnyororo unalia, akaingia kwenye chumba cha karibu, akavuta mlango. Wageni wakapiga makofi.

Kasoki akausogelea mlango ule, akageuza uso kwenye ukuta kama inavyotakiwa.

"Mukwe," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nakuletea chakula. Ukule kwanza. Mambo ya kosa yako tutayasema ku nyumba."

Sauti ya Josias ikatoka kule ndani.

"Kosa gani, mama?"

"Ile ilikutia humu."

Mnyororo ukalia kidogo. Kisha ikatoka sauti ya mtu anayejizuia asicheke mbele ya mkubwa wake, na inamshinda.

"Mama, mi siko mufungwa. Ni kazi. Buloko hii ilifungwa zamani sana, sasa ni musée, bantu banakuya kuangalia tu. Bananilipa juu nivae hivi, nielezee bageni namna bafungwa balikuwa banaishi."

Kasoki aliegemea ukuta. Mawe yalikuwa ya moto kwa jua. Akaangalia wale watu wenye kofia, kamera vifuani mwao, na mtoto mmoja anayelamba aiskrimu, akaona kweli hakuna jela yenye watu wa namna hiyo. Aliuliza habari ya mguu. Josias akajibu kwamba mnyororo ni wa chuma kweli, unakwaruza, ila jioni anauvua na kuutundika kwenye msumari. Kisha, akiwa bado nyuma ya mlango, akasema jambo ambalo pengine asingeweza kulisema wakiwa wanatazamana.

"Ulikataa kuya kuona kazi yangu, mama. Nilisema, bon, ananikataa na mimi."

Kasoki akainama. Alifungua fundo la kitenge, akaisukuma sufuria kwa mguu mpaka ikapita kwenye mwanya wa mlango uliokuwa haujafungwa wote. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Akakaa kwenye benchi, mgongo kwa mlango, na Josias akala mle ndani bila kuonekana, kama adabu ya mkwe inavyotaka. Kasoki aliona kwamba kwa jambo hilo chumba cha buloko kinafaa sana. Huku akila, Josias alimweleza. Watu wale walitoka ng'ambo kwa meli, miezi na miezi baharini, mmoja kwa kuiba kondoo, mwingine kitambaa. Kuta hizi walizijenga wenyewe. Wengi hawakurudi tena kwao. Wajukuu wa wajukuu wao ndio wenye maduka mjini.

Kasoki akauliza nani aliyekuwa akiwaletea chakula.

"Hakuna muntu, mama. Bamama yabo balibakia kule."

Kasoki akaitazama bahari juu ya ukuta, ilivyokuwa pana, haina upande wa pili. Akawawaza wale mama, kila mmoja na sufuria yake na mahali pa kuipeleka hapana. Akajitanda kile kitenge mabegani. Sufuria iliporudi kupitia ule mwanya ilikuwa nyepesi, imefutwa hata ukoko.

Msichana wa langoni akawapiga picha kabla Kasoki hajaondoka: yeye amesimama wima na sufuria yake, na nyuma ya nondo uso wa Josias, macho chini. Jioni Mignonne alipoambiwa alicheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akalia kidogo, kisha akaanza upya kucheka. Tangu siku hiyo magoti ya Kasoki hayakuuma tena. Alipeleka sufuria kila mchana mpaka wiki za kukaa kwake zikaisha, na fungu la mlinzi halikusahaulika.

Aliporudi Brussels, Polycarpe alifika Molenbeek Jumapili kabla ya misa, koti limelowa mvua, akasema alikuwa amengoja vya kutosha. Kasoki akammiminia kahawa, akaweka picha mezani. Hakusema kitu.

Polycarpe alivaa miwani. Halafu akasimama. Aliongea kwa muda mrefu, kwa Kiswahili na Kifaransa, kwamba alijua, alisema tangu mwanzo, mtoto wa kaka yake ameolewa na muntu wa buloko, na mishale juu ya shati, na mama mkwe naye anapigwa naye picha kama harusi. Kasoki alimwacha amalize. Akamwongezea sukari.

"Kinga yako ilikuwa ya rangi gani?" alimwuliza.

Polycarpe akavuta kiti. Akakaa.

"Nyeusi," alisema taratibu.

"Na mimi nilikuwa nakuletea nini?"

"Sombe. Na sambaza." Akaanza kutabasamu, bila kupenda. "Na ule mulinzi wa meno mubaya alikuwa anakula sambaza zangu kubwa zote."

Ndipo Kasoki akamsimulia, tangu tufaha mpaka kangaruu wa langoni, hakuruka hata kitenge. Alipofika pale pa "kosa gani, mama", shemeji alivua miwani akajifuta macho. Alikaa kidogo akiiangalia tena picha, ameisogeza karibu na pua.

"Na alimaliza chakula?"

"Sufuria ilirudi bila hata ukoko."

"Alors ni muntu," alisema Polycarpe.

Kasoki akaegemeza simu kwenye pakiti ya chumvi. Kule Port Ansell ilikuwa jioni, na Josias alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu. Alipoona uso wa mzee akainamisha macho palepale, Mignonne akamshika bega kwa nyuma.

"Allô, mukwe," alisema Polycarpe, na ng'ambo ile Mignonne akafunika mdomo kwa mikono miwili. "Niambie mambo moja tu. Bale balinzi ya kwako, nabo banakula ya kwanza?"

"Banakula, papa," alijibu Josias. "Ule wa nywele nyekundu anauliza mama atarudia lini."