Ini la Kikande

Kikande anatia kinyaa hata kabla hajachunwa. Mrefu, bapa, mdomo mdogo wa kinafiki, ngozi ya msasa iliyochorwachorwa buluu kama daftari la mtoto. Akiwa hai huning'inia kichwa chini kwenye matumbawe, akijifanya jani. Fumi, muuza samaki wa soko la Itoman, kisiwani, alikuwa amewachuna maelfu, na bado kichefuchefu kilimpanda kila alipofika kwenye matumbo. Nyama yake tamu, lakini matumbo na ini ni sumu, na wanawake wa soko lile huyatoa bila kuyatoboa, wakayafukia.

Siku hiyo baba yake, mzee Seikichi, alikuwa anatimiza miaka themanini na minane. Fumi alichuna kikande mmoja kwa ajili ya karamu, akaweka matumbo na ini ndooni, akaenda kuosha kisu tu. Aliporudi, ini halikuwamo ndooni.

Alilikuta sebuleni. Wataru, mume wa mdogo wake, mtu wa Tokyo na mjuzi wa kila asichokifanya, alikuwa amelisaga kwenye mchuzi wa soya, akamwekea mzee kibakuli. Alikuwa akiwahubiria ndugu kwamba kwao ini la kikande ni chakula cha wakubwa, ila watu wa kisiwani hutupa utamu wakabaki na miiba. Mzee alikuwa haoni tena, wala hakuuliza ni kikande gani. Tayari alikuwa ameshika vijiti.

Fumi alimdaka mkono.

"Shemeji, hili si ini la yule mwenye michoro? Asubuhi sikukwambia kikande wa kwenu huliwa ini, lakini ini la huyu linaua?"

"Aa, dada, hizo hofu za bibi zenu. Kikande ni kikande."

"Haya. Mpishi huonja kwanza."

Wataru alicheka, akachota kidogo. Ule uji wa kahawia ulining'inia kwenye vijiti, unang'aa mafuta. Kicheko kikamwishia. Akasema tumbo lake halijatulia tangu jana, yeye aliyemaliza mabakuli matatu ya tambi mchana ule ule, akaurudisha kibakulini.

Hapo Fumi alichukia kweli. Kumbe mtu huyu alikuwa na shaka tangu mwanzo, akaona mzee ndiye wa kuonjeshwa kwanza. Matumbo ya ndooni hayakuwahi kumtia kinyaa kiasi kile.

"Amekula?" mzee aliuliza.

"Hajala, baba."

Mzee alikipapasa kikombe cha pombe alichomiminiwa na mkwewe, akakisukuma mbali, akamwomba Fumi amletee kingine.