Yungiyungi la Chumba cha Kufulia

Jumanne saa nne asubuhi, Donatienne alifungua bomba la jikoni, ghorofa ya sita huko North York, ughaibuni, maji yakatoka kama chai ya rangi. Akayaacha yatiririke mpaka akamaliza kumenya viazi vinne. Bado chai. Mabomba ya jengo lile yalioza zamani, na mwenye jengo hujibu kila lalamiko kwa barua nzuri yenye sahihi ya buluu. Ila Ijumaa binti yake Joyeuse alikuwa anatoka hospitali na mtoto wa kwanza, na kwao mjukuu akifika nyumbani, bibi ndiye anayemwogesha. Huwezi kumwogesha mtoto kwa chai.

Akashuka na nguo zake chini, kwenye chumba cha kufulia. Kati ya mashine ya tatu na ya nne alikuta mzee mfupi anachimba sakafu kwa jiwe. Aliitwa Balam. Alikuwa fundi wa mabwawa kwenye mji mmoja wa Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati, na alikufa miaka elfu moja na mia moja iliyopita.

"Mzee, hiyo ya nne inakula soksi," Donatienne akamwonya.

"Sifui, mama. Nimesikia kuna mjukuu."

Philomena, Mkongo wa ghorofa ya kwanza, alisimama mlangoni na kapu lake.

"Huyu ana karatasi za kuishi hapa kweli?"

"Amekufa, Philomena."

"Eh! Basi afadhali. Hawatamsumbua."

Balam alichimba shimo la umbo la mtungi, mdomo mwembamba, tumbo pana, akalisiliba chokaa. Jumatano akainamisha uwanja wa magari ili mvua isikimbilie barabarani, ije kwake. Magari yakalala upande kidogo, wenyewe wakazoea. Mchana akaenda kwao akarudi na kikapu cha mchanga mweupe na vijiwe kutoka kilima fulani, akavipanga mahali maji yanapoingilia.

"Hivi vinakamata uchafu," alisema. "Bwawa letu la mjini tulilichuja hivi. La ikulu halikuchujwa. Tuliwaambia wakubwa."

"Wakajibu kwa barua?" Donatienne akauliza.

"Kwa ngoma. Wakacheza, maji yakabaki machafu."

Donatienne akamletea ugali na maharage. Mzee akatafuna muda mrefu, kwa adabu.

"Asante sana, mama. Ila haya mahindi hayakuchemshwa na chokaa kama kwetu. Hayana nguvu."

"Mzee, kula."

"Nakula."

Alhamisi mvua ikanyesha. Ijumaa asubuhi mayungiyungi matatu meupe yalikuwa yamechanua mdomoni mwa shimo. Balam akasema ua hilo halikai kwenye maji machafu, sasa chota. Donatienne akachota, akayapasha moto, akamwogesha mjukuu. Mtoto akapiga chafya moja akalala. Maji yalikuwa meupe hata beseni lilionekana jipya. Bibi akamshukuru Mungu, akashuka kumshukuru na fundi.

Kuanzia hapo jengo zima likawa linateka maji chini. Watu waliokutana kwenye lifti miaka saba bila salamu sasa walishikiana ndoo.

Wiki ya tatu barua ikaja, sahihi ya buluu. Mwenye jengo aliwashukuru wapangaji kwa uvumilivu wao. Kwa kuwa malalamiko ya maji yamekwisha, kazi ya kubadilisha mabomba imefutwa. Pia, tafadhali, mimea hairuhusiwi kwenye chumba cha kufulia.

Donatienne akamsomea Balam. Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia wimbo wa kwao.

"Ngoma," alisema.

Kesho yake Donatienne alifungua bomba la jikoni. Chai. Akalifunga. Akashuka na sahani ya mahindi aliyoyachemsha na chokaa tangu jana. Mzee akala yote, akafuta sahani kwa kidole.

"Haya sasa ni mahindi. Asante, mama."

"Asante wewe, Mzee wangu."

Akajaza ndoo mbili, akapanda nazo ngazi ghorofa zote sita, maana lifti ilikuwa imekufa, nayo ilishajibiwa kwa barua.